SOMO: Hela za serikali kwa mashirika yanayoandaa faili za wakimbizi, tuzifuate mpaka kambini

Mbukwenyi wakuu. Wengi humu mna asasi hapa Dodoma, wengine mna ndugu na marafiki kambi za Nyarugusu na Nduta, na swali linalorudi kila siku ni kwa nini faili la mkimbizi fulani la kwenda kuishi nje limekwama wakati intavyu alishapita. Nimeona niliweke kama somo, tuifuate hela yenyewe, maana ukishajua inatoka wapi utajua nani ana uwezo wa kusimamisha nini, na nani hana uwezo wowote hata kama anakutisha na kitambulisho shingoni. Nachukua mfano wa Marekani kwa sababu wao ndio wanatumia mashirika kuandaa faili huku nje, nchi nyingine utaratibu ni tofauti.

Hatua ya 1. Bunge lao linapitisha bajeti, humo kuna fungu la misaada ya uhamiaji na wakimbizi. Mwaka wao wa fedha unaanza 1 Oktoba, sio Julai kama wetu hapa Dodoma. Pembeni ya hiyo bajeti, kwa sheria yao ya wakimbizi ya 1980, Rais anatangaza kila mwaka ukomo wa idadi ya watakaopokelewa. Huo ni ukomo jamani, sio ahadi. Mwaka wa fedha 2024 ulikuwa 125,000 na walioingia walikuwa kama laki moja hivi.

Hatua ya 2. Hela inashukia Wizara yao ya Mambo ya Nje, kwenye ofisi yao ya wakimbizi na uhamiaji inayofupishwa PRM. Hiyo ndiyo inatoa tangazo la kuomba hela kwenye tovuti ya Grants.gov, na shirika linaloomba lazima liwe limejisajili kwenye tovuti ya SAM.gov na kupata namba yake ya utambulisho, UEI.

Hatua ya 3, hapa tulieni kidogo maana ndipo wengi wanapotea. Shirika likishinda halipewi ruzuku ile ya kusema chukua, fanya kazi, mwisho wa mwaka leta ripoti. Linasaini makubaliano ya ushirikiano, maana yake serikali inabaki ndani ya kazi yenyewe, inapanga kesi zipi zitangulie, inakubali bajeti, inaweka taratibu ambazo kituo kinachoandaa faili hakiwezi kuzibadilisha chenyewe. Kwa kanda yetu kituo kiko Nairobi, RSC Africa, kinaendeshwa na Church World Service, shirika la makanisa la Marekani. Kuna kanda nyingine wanaoendesha ni IOM, yaani Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ambao wanachama wake ni nchi kwahiyo hela yao inapita kwenye makubaliano ya aina nyingine. Mfanyakazi wa kituo analipwa mshahara na shirika lakini kwa hela ya serikali ile, ila yeye sio afisa wa serikali na hana muhuri wa kukubali wala kukataa mtu. Hilo naomba mlishike kuliko yote.

Hatua ya 4. Kazi yenyewe. Mpaka mpango unasimamishwa 2025, kesi nyingi zilikuwa zinaanzia UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, wao wanapendekeza. Kituo kinafanya intavyu ya awali, kinapanga familia nani ni nani, kinaingiza kila kitu kwenye mfumo unaoitwa START, kinaombea ukaguzi wa usalama. Halafu anakuja afisa wa uhamiaji wao, USCIS, huyo ndiye anahoji na kuamua. Na hela ya USCIS haitoki fungu lile la hatua ya kwanza, kwa sehemu kubwa inatoka kwenye ada wanazolipa wahamiaji wengine, mkimbizi mwenyewe halipi ada. Baada ya hapo kuna vipimo vya afya na safari ambavyo huku kwetu ni IOM, na mafunzo ya kujua maisha ya kule.

Hatua ya 5. Shirika linachota hela kidogo kidogo kulingana na matumizi, sio kwamba kibunda chote kinakaa benki. Kuna risiti, ripoti, wakaguzi. Kwa mashirika yasiyo na kiwango chao cha gharama za uendeshaji walichokubaliana na serikali, ruksa ni kuongeza mpaka asilimia 15 juu ya gharama za kazi yenyewe tangu 1 Oktoba 2024, zamani ilikuwa 10.

Hatua ya 6. Bomba likifungwa. Sisi watu wa Dodoma tunaelewa, wakifunga visima vya maji vya Mzakwe hata uwe na koki mpya ya shaba Nkuhungu hupati tone. Januari 2025 Rais Trump alisaini amri ya kusimamisha mpango mzima, ikaanza kazi tarehe 27, malipo kwa mashirika yakakwama, wafanyakazi wakapelekwa likizo bila mshahara, watu wenye tiketi mkononi safari zikafutwa. Church World Service na shirika lingine la wakimbizi, HIAS, pamoja na wakimbizi wakaenda mahakamani Seattle, kesi ya Pacito dhidi ya Trump, hakimu akaizuia amri ya Rais Februari 2025 lakini mahakama ya rufaa ikalipunguza sana zuio hilo. Kisha ukomo wa mwaka wa fedha 2026 ukawekwa 7,500, nafasi nyingi zikilengwa kwa Waafrikana, yaani wazungu wa Afrika Kusini wanaoongea Kiafrikana. Kwahiyo mama aliyekaa Nyarugusu toka kambi inafunguliwa 1996 faili lake halina kosa lolote, na inauma sana kusikia anaambiwa na majirani kwamba lazima kuna kitu alidanganya.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Ipagala: Mwalimu asante, mimi shemeji yangu alishapimwa afya kabla ya Januari 2025, je akifunguliwa anaendelea pale pale?
Jibu: Hapana dada yangu. Vipimo vya afya kwa kawaida vinadumu miezi 6, kwa baadhi ya wenye historia ya TB ni 3 tu, na ukaguzi wa usalama nao una muda wake. Vikiisha vinarudiwa, na kurudia nako ni hela ya bajeti nyingine. Kama kuna mtoto amezaliwa au mtu ameolewa, atoe taarifa UNHCR sasa hivi, asisubiri.

Kaka wa Kondoa: Asasi yetu ina usajili wa NGO kule Mtumba, tunaweza kuomba hiyo kazi?
Jibu: Kuendesha kituo, kwa ukweli hapana, ni kazi ya kanda nzima na mashirika machache makubwa. Mnachoweza ni kuwa mshirika mdogo chini ya shirika kubwa kwa kazi za kambini, na hapo ukaguzi wa vitabu vyenu ndio utawabeba au kuwaangusha. Na mkipata hela ya nje mkataba unapelekwa kwa Msajili wa NGOs, msiufungie kabatini.

Mzee wa Mpwapwa: Nasikia tiketi ya ndege ni mkopo, sasa si ndio kulipa huko huko?
Jibu: Ni kweli mzee wangu, nauli ni mkopo usio na riba kupitia IOM, anasaini kabla ya kusafiri ila anaanza kurudisha baada ya kama miezi sita akiwa ameshafika kule. Huku hatoi hata shilingi.

Mama wa Nzuguni: Kuna kijana anasema anatoka ofisi ya Nairobi anataka laki tatu afufue faili la binti ninayemlea.
Jibu: Mama usitume. Rudi hatua ya 3, hata angekuwa kweli wa Nairobi hana uwezo huo, na huduma hizi zote ni bure. Usifute meseji zake, piga picha namba na jina linalotokea kwenye muamala, peleka UNHCR na kwa mkuu wa kambi wa Wizara ya Mambo ya Ndani, na umwambie binti asimpe mtu yeyote namba ya kesi yake kwa simu.