zram ikishindwa kuandika, angalia mem_limit kwanza
zram ni swapu ya Linux (nafasi ya akiba RAM inapojaa) inayobana kurasa, yaani vipande vya kumbukumbu, na kuziweka kwenye RAM yenyewe; mem_limit ni kikomo cha RAM inayoruhusiwa kutumia. Ukiona "Write-error on swap-device" kwenye logi wakati RAM inakaribia kwisha, huenda mem_limit ya zram imefikiwa. Hapo kurasa hukwama kwenye RAM, na hata swapu ya diski haiokoi: kerneli (kiini cha mfumo) huhamia huko nafasi za zram zikijaa, si uandishi unaposhindwa.

Mimi huacha mem_limit kwenye 0 (bila kikomo), napunguza disksize (huo ni ukubwa wa zram kwa data kabla ya kubanwa!), kisha naweka swapu ya diski yenye kipaumbele cha chini. Soma /sys/block/zram0/mm_stat: namba ya kwanza ni data asilia, ya tatu ni RAM iliyotumika, zote kwa baiti. Zikikaribiana, data yako haibaniki, na zram inakusaidia kidogo mno.