Soma mazabodi yako kwanza ndo ukanunue ramu au prosesa (kwa wenye desktopu used Arusha na Moshi)

Wakuu, hii ni kwa yeyote mwenye desktopu used, zile za maofisini zinazoletwa toka Ulaya na Marekani, ambaye anataka kuiongezea nguvu badala ya kununua nyingine. Wengi tunaanzia dukani, unaingia pale mjini karibu na Mnara wa Saa unauliza ramu ya 8GB bei gani, unatajiwa bei unalipa unaondoka, ukifika Sakina au Kwa Mrombo ile ramu ata kwenye sloti haiingii. Muuzaji umemuuliza bei na yeye kakupa bei. Prosesa, ramu, SSD (diski ya kisasa isiyozunguka), kadi ya grafiki, vyote vinachomekwa kwenye mazabodi (ile bodi kubwa ndani ya kesi) na mazabodi ndo inaamua kipi inakikubali, kwa iyo jina lake ulijue kabla hujatoa hela.

Kupata jina ni rahisi. Kaa mashine inawaka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, enter, alafu tafuta mstari wa BaseBoard Product. Wa Linux fungua terminal uandike sudo dmidecode -t baseboard. Kaa haiwaki, fungua kifuniko cha pembeni, jina huwa limechapwa kwenye bodi yenyewe, mara nyingi katikati ya sloti au karibu na prosesa, utaona kitu kama H81M au H110M au B450M, piga picha na simu. Kwa Dell OptiPlex na HP ProDesk au EliteDesk chukua jina la mashine nzima pamoja na saizi ya kesi yake, maana OptiPlex 3050 ya mnara (kesi kubwa ya kusimama) na 3050 ile ndogo kabisa zina bodi tofauti na ata ramu zake ni tofauti, ile ndogo inakula ramu ya laptopu. Ukishapata jina nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza upakue manual yake, ni bure, na kwenye bodi nyingi kuna orodha ya prosesa zinazokubalika. Nawaomba sana msiruke hii hatua.

Prosesa sasa, hapa ndo watu wanapoteza hela nyingi. Kuna soketi (sehemu prosesa inapokaa) na kuna chipseti (chipu ya bodi inayoamua bodi inakubali nini) na vyote viwili lazima vikubali. Intel kizazi (yaani toleo la prosesa) cha 2 na cha 3 wako soketi ya LGA1155, cha 4 LGA1150, cha 6 na 7 LGA1151, cha 8 na 9 nao LGA1151, na hii ya mwisho ndo mtego wenyewe: prosesa ya kizazi cha 8 inaingia vizuri tu kwenye soketi ya bodi ya H110 ya mwaka 2016, unafunga feni, unawasha, kioo cheusi. Nafasi ya kuchomeka ni ileile ila umeme kwenye pini umepangwa tofauti, kizazi cha 8 kinataka chipseti za 300 kama H310, B360 au Z370. Kwa iyo ukiambiwa "ni 1151 zote mkuu itakubali" omba jina la bodi. Kizazi cha 10 na 11 ni LGA1200, cha 12 mpaka 14 LGA1700. Upande wa AMD, soketi ya AM4 imedumu sana, toka Ryzen za 2017 mpaka za namba 5000, ila bodi ya zamani kama B450 inaweza kuhitaji BIOS (programu ya bodi inayowasha mashine) mpya kwanza ndo iitambue prosesa mpya, na BIOS unai-update ukiwa bado na prosesa ya zamani ndani. Na usii-update bila UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika). Umeme ukikatika katikati ya ile kazi bodi inaweza isiwake tena, na huku kwetu kukatika kwa umeme hakupigi hodi.

Kitu kingine kuhusu vizazi, Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (sehemu ya usalama ya kompyuta) na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8 au Ryzen kuanzia namba 2000 kwenda juu. Ukiwa na bodi ya kizazi cha 4, kwa maoni yangu usiitupie hela nyingi, weka SSD na ramu kidogo, weka ata Linux, inatosha kabisa kazi za stationeri na za chuo.

Ramu. Vizazi vyake ni DDR3, DDR4 na DDR5. DDR3 ina pini 240, DDR4 na DDR5 zote zina pini 288 ila ule mkato wa katikati haupo sehemu moja, kwa iyo haziingiliani na usilazimishe, sloti ikipasuka ndo basi tena. Angalia pia stika. Ukiona PC3-12800U au PC4-2400T-U, ile U ndo ya desktopu za kawaida. Ukiona R mwishoni hiyo ni ya seva, huwa inauzwa bei ya chini sana na inaingia kwenye sloti, ila desktopu ya kawaida haiwaki nayo. Nimeona watu wakifurahia 16GB za bei chee alafu ni za seva, inauma. Manual itakwambia pia mwisho wa bodi ni ngapi, H81 ina sloti mbili na mwisho wake 16GB, H110 mwisho 32GB. Nunua mbili zinazofanana, 4GB mara mbili zinakimbia kuliko 8GB moja kwa sababu prosesa inasoma njia mbili kwa pamoja, na kaa bodi ina sloti nne anza na ya pili na ya nne ukihesabu toka kwenye prosesa, bodi nyingi zimepangwa ivo ila hakikisha kwenye manual.

SSD, kaa bodi haina sloti ya M.2 (ile ndogo bapa ya SSD) chukua ya SATA (ya kuunganisha kwa waya) ya inchi 2.5, na ikiwa unatoka kwenye hadidiski ya kuzunguka utafurahi mwenyewe. Inafika kama MB 550 kwa sekunde kwenye SATA ya 6Gb/s. H81 ina milango minne ya SATA na miwili tu ndo ya kasi hiyo, huwa ina rangi tofauti au imeandikwa SATA3 au SATA6G, chomeka huko. H61 haina kabisa ya kasi hiyo kwenye chipseti yake, bado SSD inafaa tu. Kaa ipo M.2, uliza manual inapokea NVMe (aina yenye kasi zaidi) au SATA, maana SSD mbili zinafanana umbo na moja bodi isiione kabisa.

Kadi ya grafiki, sloti ya PCIe x16 inatoa wati 75 mwisho, kadi inayozidi hapo inataka waya wake toka kwenye pawasaplai (kile kisanduku cha umeme ndani ya kesi). Hizi Dell na HP za ofisini nyingi waya wao mkuu wa umeme sio ule wa kawaida wa ATX wa pini 24, kwa iyo pawasaplai ya kawaida ya dukani haichomeki bila adapta. Kesi ikiwa nyembamba, kadi iwe fupi kimo pia. GTX 1050 Ti huwa inatosha kwenye mashine kama hizi kwa sababu matoleo yake mengi yanaishi ndani ya wati 75 zilezile.

Ukinunua bodi yenyewe used, saizi zake ni hizi: ATX ni milimita 305 kwa 244, micro ATX 244 kwa 244, Mini-ITX 170 kwa 170, pima kesi yako. Kwenye bodi ya Intel fungua soketi uangalie pini kwa tochi ya simu ukiinamisha bodi, pini zilizolala utaziona mwanga unapogonga vibaya. Kapasita (vile vikopo vidogo vya duara kwenye bodi) ziwe bapa juu, ikivimba achana nayo. Saa ya kompyuta ikirudi nyuma kila ukizima ni betri tu, CR2032.

Nyumbani chomoa waya ukutani, gusa chuma cha kesi kabla ya kugusa bodi, na vumbi letu hili la kiangazi ulipulize ukiwa umeshika feni isizunguke.

Dukani omba wachomeke mbele yako na waingie BIOS, uone kiasi cha ramu, jina la prosesa na SSD vyote vimetokea, ndo ulipe. Na kaa unaagiza Kariakoo uletewe na basi usiku, mwambie muuzaji akutumie picha ya stika ya ramu au ya pini za ndani ya soketi kabla hajafunga mzigo, maana kurudisha Dar toka Moshi nauli ya mzigo ni yako.