Pete za mguu mmoja kwa fimbo nyepesi ya flai

Wale mnaojitengenezea fimbo za flai (za kuvulia samaki kwa chambo chepesi cha manyoya) za mshipi mwepesi, namba 2 mpaka 4 hivi, namba ndogo ni mshipi mwepesi zaidi, za kutafutia ngege (sato) hapa Jinja, nusu ya juu wekeni pete (zile za kupitishia mshipi) za mguu mmoja badala ya zile zilizojipinda kama nyoka zenye miguu miwili. Sababu ni uzito, na sio wa pete yenyewe sana, ni ule uzi na epoksi ya kufungia, mguu mmoja unafungwa mara moja tu kwa hiyo gundi inapungua karibu nusu, na gramu moja ya nchani unaisikia mkononi kuliko kumi za huku kwenye mpini, ncha ikiwa nzito ukirusha inaendelea kutikisika na mshipi unaenda na mawimbi. Idadi, futi za fimbo jumlisha moja, futi 8 ni pete 9 bila ile ya nchani. Ila usifunge uzi kwanza! Zishike na selotepu, pitisha mshipi, mtu avute huku fimbo imepinda kabisa, ukiona mshipi unagusa mti wa fimbo sogeza pete hapo. Na usichague ndogo mno, lazima lile fundo la mshipi na lida (uzi mwembamba wa mwisho unaofungwa chambo) lipite bila kukwama, mimi lilinikwamia samaki akiwa karibu kabisa na akakata. Kwa mputa (sangara) hizi hazifai, mguu unang'oka, na ukisafiri na boda bila kasha zinapinda.