Jinsi ya Kuomba Kibali cha Gari la Kliniki ya Methadoni Nchini Marekani

Kwa mgonjwa anayekunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini na afyuni nyingine, kila siku, kliniki iliyo mbali ni sababu tosha ya kuacha tiba. Gari la kliniki linamfuata alipo, ila usilinunue kabla ya kusoma masharti yake.

Anayeomba ni kituo cha tiba ya uraibu ambacho tayari kimesajiliwa na DEA, mamlaka ya shirikisho inayosimamia dawa zinazodhibitiwa. Kama huna kituo, anza na Fomu 363 ya DEA, ya kuomba usajili wa kituo. Tangu 28 Julai 2021 gari ni sehemu ya kituo chake na halihitaji usajili wa pili, lakini haliruhusiwi kufanya kazi nje ya jimbo la kituo hicho.

Kwanza zungumza na mamlaka ya jimbo inayosimamia tiba hii, kwani jimbo linaweza kuwa na masharti makali zaidi. SAMHSA, shirika la shirikisho linalosimamia tiba ya uraibu, nao wajulishwe kwa fomu yao SMA-162, kwa sababu kwao gari ni kitengo cha kutolea dawa chini ya kituo chako.

Kisha gari lenyewe. Liwe na injini yake, trela haikubaliki. Usajili wake wa barabarani uwe hai, na nakala zikae kituoni. Wengi hukwama kwenye sefu. Lazima ifungwe kwa bolti au saruji kwenye sakafu au ukuta, iwe na king'ora, na sehemu ya kuhifadhia dawa isifikike kutoka nje ya gari. Fundi akishaweka mlango wa nje upande huo, kuurekebisha ni gharama. Wanaosubiri watengwe na sehemu ya dawa. Pasipokuwa na nafasi, wasubiri nje.

Sasa iandikie ofisi ya DEA ya eneo lako. Usitoe hata dozi moja kabla ya kupata idhini yao kwa maandishi.

Panga ruti ukikumbuka jioni. Kila siku gari hurudi kituoni, dawa zote zikatolewa na kufungiwa ndani. Likishakuwa tupu laweza kulala kwenye uwanja salama wenye uzio, mradi DEA wamejulishwa mahali hapo. Safari ya kulala njiani na dawa inahitaji ruhusa maalumu, iliyoombwa mapema.

Kwenye daftari andika jina la dawa, nguvu yake, tarehe, utambulisho wa mgonjwa, kiasi alichokunywa hapo, kiasi alichopewa cha nyumbani, na herufi za kwanza za jina la mtoaji dawa. Kumbukumbu zitunzwe miaka 2. Dawa ikiibiwa, DEA ijulishwe kwa maandishi ndani ya siku 1 ya kazi, kisha ijazwe Fomu 106 ya DEA, ya kuripoti wizi au upotevu.

Uwe pia na utaratibu ulioandikwa wa gari kuharibika: nani anahesabu dawa, nani anazirudisha kituoni. Sheria inaishia hapo. Sisi tunakushauri uongeze mahali ambapo wagonjwa waliokuwa foleni watapata dozi yao siku hiyohiyo, maana arosto haisubiri fundi.