Jinsi ninavyofundisha wazo la mhandisi Huber kuhusu chuma kwa kipande cha ndala

Mwalimu mwenzangu, hapa Mikindani naanza na ndala iliyokwisha, fomula baadaye. Kata kipande kinene, chora mraba ubavuni kwa kalamu. Shika chini, sukuma juu kwa upande. Mraba unalala, pembe hazina tena nyuzi 90. Hapo usiharakishe, kila mtoto ashike mwenyewe.

Kisha wawaze nati ya chuma iliyozama baharini: maji huibana pande zote sawasawa, umbo halibadiliki, nayo hailegei (kulegea hapa ni chuma kubadilika umbo bila kurudi).

Maksymilian Huber, Mpolandi aliyezaliwa 1872, alieleza kwamba chuma hulegea kwa nishati inayopotosha umbo, si inayobadili ujazo. Alichapisha kwa Kipolandi mwaka 1904. Mwanahisabati Richard von Mises alifuata na kanuni ileile 1913. Inaniuma Huber anapoachwa bila kutajwa, kwa hiyo jina lake liandike kwanza ubaoni.