Kupata ohm na wati ukiwa na volti na ampea

Ukishajua volti na ampea kazi imeisha: volti gawanya kwa ampea unapata ukinzani kwa ohm, volti zidisha kwa ampea unapata nguvu kwa wati.

Chukua pasi. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230, bana klempu mita (kipimo cha ampea kinachobana waya kwa nje) kwenye waya mmoja tu (ukibana zote mbili pamoja itasoma sifuri, hapo ndo watu wanaanza kulaumu mita bure) tuseme imesoma ampea 5, basi 230 gawa 5 ni ohm 46, na 230 mara 5 ni wati 1150, ukinyoosha nusu saa LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) inakula kama uniti 0.58, kiukweli pungufu kidogo maana themostati inazima na kuwasha.

Sasa tuseme uko Ilazo, Dodoma, jioni, volti zimeshuka hadi 180. Wengi wanadhani pasi itavuta ampea nyingi zaidi, wapi, koili bado ni ohm 46 hivi kwa hiyo ampea ni 3.9 na wati zinabaki kama 704 tu. Volti zimepungua kama moja ya tano ila joto limepungua kwa karibu asilimia 40, ndo maana kitenge hakinyooki.

Friji na pampu ya kisima usizipigie hesabu hivi, zina mota, volti mara ampea inakupa namba kubwa kuliko wati halisi. Na mita ikisoma miliampea gawa kwa 1000 kwanza.