Kufundisha katika Kambi ya Kiingereza ya Watoto Jijini Mbeya

Wiki mbili za likizo ya Juni hazitoshi kumaliza mtaala wa darasa lolote, kwa hiyo usije kambini na kitabu cha sarufi ukidhani utakifikisha mwisho. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hujifunza Kiingereza kama somo mojawapo, kisha akiingia kidato cha kwanza hukikuta ndicho lugha ya kufundishia karibu kila somo. Mara nyingi kinachompungukia si msamiati bali ujasiri wa kufungua kinywa, na kazi ya mkufunzi wa kambi ni hiyo.

Kabla ya kuanza, patana na mwenye kambi kwa maandishi juu ya malipo na saa za kazi, uulize ni watoto gani wenye pumu, na usikubali kubaki na mtoto mmoja mahali pasipoonekana na watu.

Asubuhi za Juni huku nyanda za juu ni za baridi kali, na mtoto anayetetemeka ndani ya sweta hashiki neno. Anzeni nje, juani, kwa mchezo wa amri: wewe unaamuru kwa Kiingereza, wao wanaruka, wanachuchumaa, wanashika pua. Siku ya tatu mwachie mtoto aamuru, kwa kuwa anayetenda husikiliza tu, ilhali anayeamuru hulazimika kusema.

Katika matamshi, tumia lugha walizonazo tayari. Kinyakyusa hakina sauti ya r, hivyo mtoto aliyekulia Rungwe au Kyela anaweza kuagiza "lice" akikusudia "rice", yaani chawa badala ya wali. Usimsahihishe mbele ya wenzake. Mpe kwanza jozi ya "kula" na "kura" mpaka ulimi wake uzitenganishe. Neno "think" huanza kama thelathini, na "this" kama dhahabu. Kigumu zaidi ni "he" na "she", kwa sababu "yeye" wetu haulizi jinsia, na kosa hilo hata watu wazima wenye shahada hulifanya. Picha za baba na mama zinazosimuliwa kila siku husaidia kuliko kanuni iliyoandikwa ubaoni.

Mtoto akikwama, mruhusu amalizie kwa Kiswahili, kisha umpe sentensi yake kwa Kiingereza airudie. Kumvisha kibao shingoni kwa sababu ametumia Kiswahili humfundisha kunyamaza, jambo ambalo alikuwa analiweza kabla hajafika.

Siku ya kufunga, pangeni gulio la ndizi, viazi na parachichi. Mzazi aulize bei kwa Kiswahili, mtoto wa kwanza aitafsiri kwa muuzaji, naye muuzaji ajibu kwa Kiingereza. Wewe kaa nyuma kabisa, na usimnong'oneze mtu neno.